Waya Mbili na Jembe la Mjomba

Nimestaafu. Ofisi yangu imeshapata mtu mwingine, na kwa taarifa nilizonazo kitu cha kwanza alichofanya ni kukitoa nje kiti changu kwa sababu kilikuwa kinalia. Vijana wa idara ya mifupa wameniomba niwaandikie machache kuhusu kazi. Nadhani walitarajia hotuba. Vyeo sitavitaja, maana nilivyopata vilinijia kwa kuchelewa na nikavipokea bila kujua vinaanzia wapi. Nitaandika kuhusu viwiko vya watoto, kwa kuwa ndivyo vilivyonila miaka yangu mingi, na kwa kuwa nyinyi mtaviona vingi zaidi yangu.

Nilifika Morogoro nikitokea chuoni, kijana wa Tabora mwenye tai moja na imani kubwa na ile tai. Siku yangu ya kwanza wodini nilikabidhiwa kwa Dokta Mushi, bingwa wa mifupa, mtu mfupi mwenye sauti ndogo ambayo hakuipandisha hata alipokuwa anakuumbua. Kulikuwa na mtoto aliyevunjika juu ya kiwiko. Nikaichukua picha ya eksirei, nikaiinua dirishani, nikaanza kuisoma kwa sauti kama msomaji wa taarifa ya habari: umevunjika wapi, kipande kimeenda upande gani, kimezunguka kiasi gani. Dokta Mushi alinisubiri hadi mwisho.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, daktari."

"Mtoto anaitwa nani?"

Sikujua.

"Vidole vyake vina joto au vina baridi?"

"Sijamshika bado."

"Basi umesoma gazeti," akasema. "Sasa nenda kamwone mgonjwa."

Nilikwenda. Vidole vilikuwa na joto na mtoto aliitwa Salumu. Tai niliivua wiki ileile, kwa sababu nyingine: mtoto mmoja aliitapikia.

Kwa wale ambao wamehamia idara yetu kutoka kwenye mambo ya tumbo, nieleze kidogo. Mfupa wa mkono, ukikaribia kiwiko, unakuwa mpana lakini mwembamba, na kwa mtoto hapo ndipo penye udhaifu. Akianguka hukinga kwa kiganja, mkono ukiwa umenyooka, na mfupa hukatika pale. Kipande cha chini hurudi nyuma. Kile cha juu hubaki na ncha kali inayoelekea mbele, na mbele ndipo unapopita mshipa mkubwa wa damu wa kulisha kiganja, pamoja na mishipa ya fahamu ya kuendeshea vidole. Kwa hiyo mtoto anaweza kudondoka kutoka kimo cha meza na kupoteza mkono. Siyo wengi wanaoupoteza, lakini daktari wa mifupa hapewi nafasi ya kusahau hata mmoja.

Kila upande wa mkoa una namna yake ya kuanguka. Watoto wa Kilakala, hapa mjini, huanguka kutoka kitanda cha juu cha ghorofa. Wa Gairo huteleza kutoka juu ya magunia ya karanga yaliyopangwa kwenye tela. Wa milimani huanguka kutoka kwenye miti ya matunda, na ukitaka kujua mapera yameiva Mlali huna haja ya kwenda sokoni, angalia benchi la kliniki yangu.

Nilipoanza, tiba ilikuwa ya namna mbili na zote hazikuwa nzuri. Ya kwanza ilikuwa kumlaza mtoto chali, mkono umening'inizwa juu kwa kamba na uzito, majuma kwa majuma. Siku nyingine wodi ilikuwa inafanana na uwanja wa kuanikia nguo. Watoto walizoea, wakapeana majina, wakacheza mpira wa makaratasi kwa mkono uliobaki. Wazazi ndio hawakuzoea, hasa wenye mashamba. Ya pili ilikuwa kupasua kiwiko kwa nyuma, kufungua misuli, kuuona mfupa kwa macho na kuupanga. Mfupa ulikaa sawasawa kwenye picha, kisha kiwiko kikakataa kukunjwa. Mtoto alikwenda nyumbani na picha nzuri na mkono usiofika mdomoni.

Dokta Mushi alikwenda masomoni, akarudi na kifurushi cha waya nyembamba za chuma cha pua na neno moja alilolirudia hadi tukalichoka: "Funga." Maana yake ni kwamba ngozi ibaki imefungwa. Mfupa urudishwe kwa mikono, ukiangaliwa kwa mashine, kisha ushikizwe kwa waya zinazopenya ngozini bila kuchana. Tulimwamini nusu. Ilitubidi tungoje mashine yenyewe, ile ya eksirei yenye mkono uliopinda kama nusu duara, ambayo ilipofika tuliibatiza Mama Mkwe kwa sababu ilipoingia thieta kila mtu alisogea pembeni na hakuna aliyethubutu kuigeuzia mgongo. Mama Mkwe alikuwa na siku zake za kununa. Umeme ukiyumba alizima picha katikati ya kazi, na wewe umebaki umeshika kiwiko cha mtoto hewani, umevaa aproni ya madini ya risasi ya kuzuia mionzi, yenye uzito wa mbuzi, unamsubiri arudiwe na fahamu.

Kazi yenyewe naiandika hapa kwa kuwa vitabu vinaieleza kana kwamba mtoto ametengenezwa kwa mbao. Mtoto akishalala usingizi wa dawa, vuta mkono taratibu, kiwiko kikiwa kimekunjwa kidogo, msaidizi akishika begani. Vuta hadi uhisi misuli imekubali. Usiwe na haraka. Misuli ya mtoto inajua daktari mwenye haraka. Kisha rekebisha upande, kulia au kushoto. Kisha weka kidole gumba nyuma ya kiwiko, sukuma mbele huku ukikunja mkono hadi kiganja kikaribie bega. Utahisi mlio mdogo, zaidi kwenye mfupa wako kuliko masikioni. Mwite Mama Mkwe. Akikubali, ingiza waya kwa upande wa nje, ya kwanza na ya pili, zikiachana ndani ya mfupa na kupenya hadi ukuta wa pili. Usipeleke waya kwa upande wa ndani ila umelazimika, kwani huko unapita ule mshipa wa fahamu ambao ukigonga kiwiko mezani unajua upo. Kunja ncha za waya nje ya ngozi, weka shashi, funga hogo la nusu, yaani plasta ya upande mmoja, na hapo hapo rudi kwenye swali la Dokta Mushi: vidole vina joto au vina baridi.

Nilishafanya hivyo kwa watoto wengi, na nilishaanza kujiona fundi, siku walipomleta Yustina.

Alikuwa na umri wa kuanza shule, binti wa wakulima wa mboga kutoka juu ya Mlali, kwenye miteremko ambako bustani zimesimama wima na mtu anachimba viazi bila kuinama. Alianguka kutoka kwenye mpichi. Mkono ulikuwa wa kulia. Jirani mwenye nia njema alikuwa ameufunga kwa vipande vya mianzi na khanga, akakaza kweli, na asubuhi wakashuka kwenye lori la kabichi. Nilimshika vidole kabla sijauliza chochote. Vilikuwa vya baridi. Kucha hazikuwa na rangi. Nilizibonyeza, hazikubadilika.

Nilikata khanga, nikatoa mianzi, nikavuta mkono kwa upole na kuulaza kwenye mkunjo mdogo. Mara nyingine hilo peke yake hutosha. Safari hii halikutosha. Mapigo ya damu kwenye kifundo cha mkono sikuyapata. Nikawaeleza wazazi: ncha ya mfupa imeukandamiza mshipa wa damu, tunatakiwa kuurudisha mfupa sasa, tukichelewa misuli ya mkono itaanza kufa na vidole vitabaki vimekunjamana maisha yake yote, au mkono wote uondoke. Baba alisaini kabla sijamaliza sentensi. Mama alikuwa amempakata mtoto, na akamkaza zaidi.

"Mama, tunampeleka thieta," nikasema.

"Mjomba wake hajajua."

"Baba ameshasaini."

"Nimeona," akasema, na mikono yake haikulegea.

Sista Mwanaidi alikuwa msimamizi wa thieta, Mluguru wa hapa hapa mjini, mwanamke ambaye aliwahi kumwambia mkuu wa hospitali avue viatu. Alinivuta pembeni.

"Daktari, hapa siyo Tabora. Huyu mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Mwenye neno ni mjomba. Yule baba ni mtu mwema, lakini pale amesaini kama mgeni mwalikwa."

"Sheria inasema sahihi ya mzazi inatosha."

"Sheria haijampakata mtoto. Mpigie mjomba."

Nilikuwa nimefanya kazi Uluguru kwa miaka na nilijua habari za ukoo wa mama kama mtu anavyojua mji mkuu wa nchi asiyowahi kufika. Kwetu baba akisema, limesemwa. Hata hivyo niliangalia ile mikono ya mama na nikaelewa kwamba ili nimpate Yustina ingebidi ninyang'anye. Ningefanya hivyo, nisiwadanganye. Nilijipa muda wa thieta kutayarishwa, si zaidi.

Simu ya mjomba haikupatikana. Tukapiga tena, haikupatikana.

"Anafunga kabichi," mama akasema. "Akimaliza atapanda kwenye jiwe."

"Jiwe gani?"

"La mtandao."

Mama Mkwe akasukumwa ndani. Mtaalamu wa usingizi akavuta dawa zake kwenye sindano. Mimi nilisimama na kidole changu kwenye kifundo cha Yustina nikitafuta kitu kisichokuwepo, na Yustina akiniangalia kama mtu anayemwangalia fundi wa redio ambaye ameshaifungua na sasa amenyamaza. Simu ililia mama alipokuwa amekwisha kukata tamaa ya kuitazama. Akaongea Kiluguru cha haraka ambacho sikukishika, akanipa.

"Shikamoo mzee," nikasema.

"Marahaba. Wewe ndiye unayetaka kumkata mtoto wetu mkono?"

"Sikati mkono, mzee. Nanyoosha mfupa, naushikiza kwa waya mbili. Nikiweza, hata kisu sikishiki."

"Waya? Mnajenga banda la kuku huko?"

"Ni waya nyembamba, za chuma cha pua. Zikimaliza kazi zinatoka."

"Tulikuwa na mtoto mwingine, wa dada yangu mkubwa. Alivunjika hapo hapo. Tukaambiwa wanakwenda kumnyoosha, akarudi mkono hana."

Niliuliza, kwa sauti ndogo ya Dokta Mushi ambayo sikujua kama ninayo, "Yule alipofika hospitali mkono ulikuwaje?"

Upepo ulisikika kwenye simu. "Ulikuwa unanuka," akasema.

"Huu haunuki, mzee. Ndiyo maana nakusumbua sasa hivi."

Kisha akauliza jambo ambalo sikulitarajia. "Hiyo lafudhi siyo ya huku. Wewe mtu wa wapi?"

"Tabora. Mnyamwezi."

"Mnyamwezi," akarudia, na sauti yake ikabadilika yote. "Kumbe mtani. Nimeachwa hapa juu ya jiwe napokea shikamoo ya mtani. Babu zenu walipita chini ya mlima huu na mizigo ya watu vichwani. Leo umepanda cheo, unabeba mifupa."

"Na nyinyi mlikuwa mnatuchungulia kutoka huko juu. Mpaka leo hamjashuka, mmejificha nyuma ya kabichi."

Alicheka. Sista Mwanaidi aliangalia ukutani. Mnaotoka makabila yasiyotaniana na Waluguru mtasema ulikuwa wakati mbaya wa mzaha. Lakini mtani anaruhusiwa kusikiliza kile ambacho mgeni haambiwi, na yule mzee alikuwa akitafuta mtu wa namna hiyo tangu alipopiga simu.

"Sikiliza, mtani," akasema. "Kazi ya watani kwetu ni kuzika. Huyu hatujamleta kuzikwa."

"Basi niruhusu nifanye kazi kabla ya msiba, mara moja tu."

"Asipoweza kushika jembe, utakuja kulima wewe. Na huku shamba limesimama kama ukuta."

"Nitakuja."

"Mpe dada yangu simu."

Mama akasikiliza, akajibu neno moja. Akasimama, akanikabidhi mtoto mwenyewe.

Mfupa ulirudi kwa jaribio la pili. La kwanza Mama Mkwe alilikataa, na alikuwa sahihi. La pili nilihisi ule mlio mdogo, nikakunja, nikashikilia. Sista Mwanaidi alikuwa ameinamia vidole vya mtoto na taa ya mkononi. "Kidole gumba kimepata rangi," akasema. Baadaye kidogo: "Na cha pili." Nikapeleka waya mbili kwa upande wa nje, na nilipoushusha mkono na kugusa kifundo, mapigo yalikuwepo, membamba, kama mtu anayebisha hodi kwa aibu. Ngozi ilikuwa na matundu mawili, basi. Nilitoka kumwambia mama, na nakiri nilitembea kwa madaha.

Madaha yaliisha kesho yake. Nilimwomba Yustina afanye duara kwa kidole gumba na kidole cha shahada. Ni kipimo rahisi, msikiache kamwe. Badala ya duara likatoka kitu kama mdomo wa bata: vile viungo vya mwisho vya vidole havikukunjika. Mshipa wa fahamu ulikuwa umevutwa na ile ncha ya mfupa. Damu ilikuwa imerudi, amri haikuwa imerudi.

Mjomba alifika siku hiyohiyo. Mzee Mkude, ndivyo alivyoitwa, alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye koti la mvua. Alikuwa na njegere kwenye mfuko na jembe begani. Aliangalia waya, akazigusa kupitia shashi, akasema hata banda la kuku lingetaka zaidi ya hizo. Kisha akaliona lile duara.

"Mtani, huyu hashiki."

"Mshipa umevutwa, haujakatika. Mara nyingi huamka wenyewe baada ya miezi."

"Mara nyingi," akasema.

"Mara nyingi," nikasema.

Hakugomba. Alikwenda ofisini kwangu, akaliegemeza jembe nyuma ya mlango. "Hilo lako," akasema, na akaondoka kuwahi lori.

Waya nilizitoa kliniki, kwa koleo, kama mtakavyozitoa nyinyi: muulize mtoto swali linalohitaji kufikiri, na vuta kabla hajamaliza kujibu. Nilimwuliza Yustina majina ya kuku wao. Alifika wa tatu akagundua nilichofanya, na hakunisemesha tena siku hiyo. Kiwiko kilikunjika, kikanyooka. Duara likabaki mdomo wa bata. Mwezi uliofuata, mdomo wa bata. Alijifunza kushika kalamu katikati ya vidole vingine, na mwalimu wake akampigia mstari mwekundu kwa mwandiko. Nilimpigia simu Dokta Mushi, ambaye alikuwa ameshastaafu na kufuga nyuki.

"Nifungue niutazame huo mshipa?"

"Usifungue. Subiri."

"Mpaka lini?"

"Mpaka uchoke. Halafu usubiri tena kidogo."

Wageni walikuwa wakiniuliza lile jembe la nini. Niliwaambia ni kifaa. Mfagiaji alilihamisha mara moja na nikamwomba alirudishe, kwa kuwa nilikuwa nimefika mahali ambapo nilihitaji kuliona kabla ya kuingia thieta. Kuanzia hapo nikaanza utaratibu ambao vijana mliukuta na kuucheka. Mtoto akifika, kwanza vidole, pili jina, na tatu, kabla ya picha: mjomba yuko wapi, na simu yake inashika saa ngapi. Mkiendelea nao sitadai sifa. Ni wa Sista Mwanaidi, na yeye atawaambia ni wa kila mtu isipokuwa mimi.

Masika yalipita. Asubuhi moja Yustina aliletwa na mjomba mwenyewe, mama amebaki na mavuno ya njegere. Nikavuta kiti changu, kile kinacholia, nikanyoosha mkono.

"Haya Yustina, nifanyie duara."

"Achana na maduara yake," Mzee Mkude akamwambia. "Mfinye."

Yustina akamwangalia. "Nani?"

"Mtani wako huyo. Sikio."

Alisogea taratibu, akachagua sikio la kushoto, akafinya. Alifinya kwa ncha ya kidole gumba na ncha ya kidole cha shahada, viungo vya mwisho vyote viwili vimekunjwa inavyotakiwa, akazungusha kidogo kama mtu anayefungua bomba, na nadhani hiyo ilikuwa ni kulipiza lile swali la kuku. Machozi yalinitoka. Mzee Mkude alingoja, akanitazama vizuri, kisha akasema inatosha.

Nilikuwa bado naandika kwenye faili aliposimama. Alikwenda nyuma ya mlango, akalichukua jembe, akakung'uta vumbi kwenye suruali yake, akampa Yustina alibebe. Alilipokea kwa mkono wa kulia.